Lebo Isiyo na Yambwa: Uteuzi wa Maneno ya Violesura vya Kiswahili kwa Kuzingatia Mazingira ya Kibondo na Kasulu

Ikisiri

Lebo ya kiolesura, yaani neno fupi linaloandikwa kwenye kitufe, menyu au kidirisha cha programu, kwa kawaida hushughulikiwa kama istilahi: hutafutwa kisawe chake cha Kiswahili, na kikipatikana kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanaeleza kwa nini njia hiyo ina upungufu. Kwa kutumia mazingira ya wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, yanaonesha kwamba neno likiachwa peke yake kwenye kioo hujazwa maana na shughuli ambayo msomaji amelizoea ndani yake. Aidha, yanaonesha kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe hudai nomino ambayo lebo nyingi huiacha. Makala yanapendekeza kwamba kitenzi cha lebo kiandikwe pamoja na yambwa yake kila pale ambapo kosa la msomaji lina gharama.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetuma fedha kwa simu ya kitochi hufanya uamuzi wake mbele ya maneno machache sana. Hubonyeza nyota, tarakimu na reli, akaona orodha fupi yenye maneno kama Tuma Pesa, Toa Pesa na Lipa, akachagua namba, kisha akaombwa namba ya siri. Hakuna aya ya maelezo wala karani wa kuulizwa. Fedha zikienda kwa mtu asiyekusudiwa, naye akawahi kuzitoa kwa wakala, kuzirejesha huwa shughuli nzito. Kwa mtumaji wa namna hiyo, tofauti kati ya lebo nzuri na lebo mbaya inaweza kuwa ada ya shule ya mtoto.

Kazi ya kuvipa violesura maneno ya Kiswahili si ngeni nchini Tanzania. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kampuni ya Microsoft nayo iliandaa violesura vya Kiswahili vya programu zake katika muongo huohuo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na menyu zake za Kiswahili zikaifikisha lugha ya kiolesura kwa watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Juhudi hizo zilizaa na kueneza msamiati ambao leo unatumika bila kushangaza: faili, kabrasha, hariri, nakili, bandika, pakua, pakia, sakinisha.

Mjadala wa kitaaluma uliofuata ulijikita zaidi katika istilahi. Iliulizwa kama chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kama kifaa cha kuelekezea kiitwe kipanya au puku. Maswali hayo yana uzito wake, lakini yanahusu majina ya vitu. Lebo iliyo nyingi zaidi kwenye kioo ni kitenzi, na kitenzi kina tabia nyingine. Makala haya yanahusu tabia hiyo.

2.0 Wasomaji wa Kiswahili katika nyanda za juu za Kigoma

Kibondo na Kasulu zimo katika Buha, nchi ya Waha. Kiha kiliwekwa na Guthrie katika kundi la D60 kwa alama ya D66, jirani ya Kirundi kilichopewa D62, na wasemaji wa lugha hizi mbili huelewana kwa kiasi kikubwa. Kwa Mha wa kijijini, Kiswahili ni lugha ya shule, serikali, soko na simu. Lugha ya nyumbani mara nyingi ni nyingine.

Juu ya tabaka hilo kuna wasomaji wa aina mbili zaidi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, ambao wengi wao walifika wakiwa tayari wanazungumza Kiswahili cha kwao. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka huo. Shule za makambini zimekuwa zikifuata mitaala ya nchi walikotoka wanafunzi, ambamo Kifaransa kina nafasi kubwa. Kwa hiyo kijana aliyekulia Nduta anaweza kukimudu Kiswahili cha sokoni bila kukutana na Kiswahili cha vitabu, ambacho ndicho watunzi wa lebo hukichota.

Wasomaji hawa watatu hushika simu za aina moja na kuona menyu zilezile. Mazingira yao yanafaa kwa uchambuzi kwa sababu hayamruhusu mtunzi wa lebo kudhani kwamba msomaji atajaza pengo la maana jinsi yeye mwenyewe anavyolijaza.

3.0 Lebo kama tamko ndani ya tendo

Karl Bühler, katika kitabu chake cha nadharia ya lugha cha mwaka 1934, alieleza kwamba usemi uliomo ndani ya tendo unaweza kuwa mfupi sana kwa sababu mazingira ya tendo hubeba sehemu iliyobaki. Anayeagiza kahawa mkahawani halazimiki kutamka sentensi kamili. Mahali na saa vimekwisha kusema mengi kwa niaba yake. Lebo ni usemi wa aina hiyo. Ufupi wake unavumilika pale tu ambapo mazingira yanayojulikana na msomaji yanaijaza kwa usahihi.

Mfano wa lebo iliyojazwa vizuri ni Toa Pesa. Kwa maana za kamusi, lebo hii ni tata. Kutoa ni kuondoa kitu ndani ya kingine, lakini pia ni kumpa mtu: watu hutoa sadaka, hutoa mchango na hutoa rushwa. Msomaji asiyejua huduma yenyewe angeweza kufikiri kwamba Toa Pesa ndiyo njia ya kumpa mwenzake fedha, na kwamba Tuma ni ya kuagiza. Hata hivyo utata huo haukudumu. Mawakala waliisambaza maana mpya kwa mdomo: mteja anafika dirishani na kusema “nataka kutoa” au “nataka kuweka”, na vitenzi hivyo viwili vimekuwa jozi inayoeleweka. Lebo ilifaulu kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuifundisha kila ilipotumika. Programu isiyo na wakala wake haipati msaada huo, na lebo zake hubaki zikijazwa na chochote ambacho msomaji anacho.

4.0 Neno moja, shughuli nyingi: Hifadhi

Lebo ya kuagiza mashine itunze kazi iliyoandikwa huwa Hifadhi katika programu nyingi za Kiswahili. Kama istilahi haina kosa: ni fupi, ni sanifu, imezoeleka mijini. Lakini katika Kibondo na Kasulu neno hili lina kazi nyingine nzito. Anayevuka mpaka akikimbia vita huitwa mwomba hifadhi, na hifadhi ndiyo anayopewa au anayonyimwa. Mkoani humohumo kuna Hifadhi za Taifa za Gombe na Mahale, na kwa mkulima au mfugaji, kuwa ndani ya hifadhi kunaweza kumaanisha kukamatwa. Mtumishi wa umma naye analijua neno hilo kwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii.

Tuchukue fomu ya kielektroniki inayojazwa na karani huku mhusika akitazama kioo. Chini ya fomu pana vitufe viwili, Hifadhi na Futa. Kwa karani, la kwanza linatunza fomu na la pili linaondoa alichoandika. Kwa mtu ambaye mgawo wa chakula wa kaya yake unategemea jina lake kuwamo katika orodha, vitufe hivyo vinaweza kusomeka kama hukumu mbili: kupewa hifadhi au kufutwa. Hakuna kamusi itakayomsahihisha, maana usomaji wake ni Kiswahili sahihi.

Chanzo cha tatizo hili ni cha kimofolojia. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu huishia na irabu -a katika hali ya kuamuru, na nomino zinazotokana navyo hubadilika umbo: tuma huzaa utumaji, funga huzaa kifungo, lipa huzaa malipo. Msomaji akiona Tuma anajua kuwa ni kitenzi. Vitenzi vingi vya mkopo havina irabu hiyo ya utambulisho, na umbo la kuamuru huweza kufanana kabisa na nomino. Hifadhi ni kitenzi na ni nomino. Vivyo hivyo hesabu, jibu, ripoti na rekodi. Lebo iliyoandikwa Ripoti inaweza kuwa mlango wa kuona taarifa zilizoandaliwa, au kitufe cha kumshtaki mtu. Lebo iliyoandikwa Hesabu inaweza kumwelekeza msomaji kwenye mapato na matumizi, au kuiamuru mashine ihesabu.

Yambwa huondoa utata huu papo hapo. Hifadhi fomu haiwezi kusomwa kama nomino, wala haiwezi kuhusu ukimbizi au mbuga. Jibu ujumbe ni amri. Majibu ni orodha. Gharama ya nyongeza ni ndogo: Hifadhi ina herufi saba, Hifadhi fomu inachukua nafasi kumi na mbili.

5.0 Vitenzi jirani na wakati wa tendo

Eneo la pili la mkanganyiko ni la vitenzi vinavyokaribiana maana. Kwa lebo ya kuachana na jambo, programu mbalimbali hutumia Ghairi, Sitisha, Batilisha au Futa, kana kwamba ni visawe. Uchunguzi wa maana zake unaonesha kwamba kila kimoja kina wakati wake. Kughairi ni kubadili nia kabla ya kutenda. Kinachobadilika ni azma ya mtu. Kusitisha ni kusimamisha jambo ambalo limeanza na bado linaendelea. Kubatilisha ni kuliondolea nguvu jambo lililokwisha kufanyika. Kufuta ni kuondoa alama au kumbukumbu ya kitu kilichopo, kama mwalimu afutavyo ubao.

Mtunzi akiuzingatia mpangilio huu anapata lebo nne zilizo wazi badala ya moja iliyochoka. Mtu aliyejaza namba ya mpokeaji na bado hajathibitisha, apewe Ghairi. Faili likiwa linapakuliwa, apewe Sitisha. Muamala uliokwisha kwenda na ambao mfumo unaruhusu kuurudisha, upewe Batilisha muamala. Ujumbe uliomo kwenye simu, upewe Futa ujumbe. Kinyume chake, kidirisha kinachouliza “Je, unataka kughairi muamala?” kisha kikatoa vitufe vya Ndiyo na Ghairi, kinamweka msomaji katika kitendawili: anayetaka kughairi abonyeze kipi? Suluhisho ni kuviacha vitufe vijieleze: Ghairi muamala na Endelea kutuma.

Rudi na Toka ni mfano mwingine. Rudi kwenye menyu humrejesha msomaji hatua moja. Nduta, kurudi ni jambo linalojadiliwa katika kila familia, kwani urejeaji wa hiari wa Warundi umekuwa ukisaidiwa rasmi tangu mwaka 2017. Neno hilo likiwekwa chini ya swali linalohusu hadhi au makazi ya mtu, linaweza kusomwa kama jibu. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionesha kwamba baadhi ya matamshi ni matendo yenyewe. Kubonyeza kitufe ni tendo la aina hiyo, na mtu hapaswi kubaki na shaka kama amejibu swali au amegeuza ukurasa. Lebo ya Ukurasa uliopita inaondoa shaka hiyo. Toka, nayo, ni sahihi kwa kufunga akaunti baada ya kuitumia, lakini katika mazungumzo amri hiyo tupu ni ya kumfukuza mtu au mbwa. Toka kwenye akaunti ni amri yenye mahali, na ukali wake unapungua.

6.0 Upatanisho wa kisarufi kama shahidi

Inaweza kudhaniwa kwamba hitaji la nomino ni la kimuktadha tu, kwamba msomaji mwerevu ataikisia. Sarufi inakataa. Katika Kiswahili, vivumishi na viambishi vya kitenzi hupatana na ngeli ya nomino hata pale ambapo nomino haikutajwa. Kiingereza kina neno moja la kusema kwamba kitu ni kipya, na mtengenezaji wa programu huliandika mara moja akalitumia kila mahali. Kiswahili kinamuuliza: kipya ni nini? Ujumbe mpya, jina jipya, kitambulisho kipya, picha mpya, watumiaji wapya. Ndivyo ilivyo kwa neno la kusema “-ote”: ujumbe wote, majina yote, vitambulisho vyote, picha zote. Mfasiri anayepewa neno hilo katika jedwali, bila kuambiwa litakaa karibu na nomino gani, analazimika kubahatisha.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale programu inapounga sentensi kutoka vipande. Kiolezo kinachosema “idadi, kitu, imefutwa” kinatoa matokeo yanayofaa kwa picha moja, lakini kinakosea kwa nomino nyingi nyingine. Inatakiwa picha 3 zimefutwa, jina 1 limefutwa, majina 3 yamefutwa, kitambulisho 1 kimefutwa. Kanuni za wingi zilizomo katika hazina ya Unicode ya CLDR hutofautisha kwa Kiswahili hali mbili tu, moja na nyingine. Hali hizo zinatosheleza idadi, ngeli hazimo. Matokeo mabaya kuliko yote ni pale nomino inapokuwa mtu. Kioo kinachosema “mtumiaji imefutwa” kimemhamisha binadamu kutoka ngeli yake. Hata kikirekebishwa na kusema “mtumiaji amefutwa”, hakijawa na adabu. Kinachofutwa ni jina katika orodha, na kiolesura kiseme hivyo: Jina limeondolewa kwenye orodha.

Zipo njia mbili za kukwepa tatizo hili. Ya kwanza ni kuandika sentensi kamili kwa kila nomino badala ya kuunga vipande. Ni kazi zaidi kwa mtunzi, lakini hufanyika mara moja. Ya pili ni kuanza na nomino isiyobadilika, hasa idadi: Idadi ya picha: 3, Idadi ya majina: 1. Upatanisho unashikwa na idadi, na nomino inayofuata inaweza kuwa ya ngeli yoyote.

7.0 Lebo inayosikika

Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, kama kwingineko nchini, asomaye kioo si lazima awe mwenye fedha. Mama humpa mtoto wa shule simu amsomee, mzee humuuliza wakala, ndugu aliye mjini hutoa maelekezo kwa njia ya simu. Lebo basi hutamkwa na kusikika, na inapaswa kuhimili safari hiyo. Nywila, kwa mfano, ni istilahi iliyobuniwa kwa uangalifu, lakini anayeisikia kwa mara ya kwanza haimwambii kitu. Namba ya siri humwambia mambo mawili: kwamba zinatakiwa tarakimu, na kwamba hapaswi kumtajia mtu. Neno lenyewe linafanya sehemu ya kazi ya ulinzi.

Mizizi ya Kibantu ina faida hapa. Tuma, funga na ingia vina ndugu wa wazi katika Kirundi: gutuma, gufunga, kwinjira. Kwa msomaji ambaye Kiswahili chake ni cha kujifunzia sokoni, vitenzi hivi viko karibu kuliko batilisha au ghairi. Ila udugu wa lugha haukubaliwi bila kuchunguzwa. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kutosha hutumika kwa maana ya kuondoa au kutoa nje. Ni kauli ya kusababisha ya kutoka, kama washa ilivyo kwa waka. Msomaji wa Nyarugusu anayeletewa ujumbe “Huna salio la kutosha” anaweza kuuelewa kuwa hana salio la kutoa. Kwa bahati, maana zote mbili zinamfikisha karibu mahali pamoja. Lakini bahati haiwezi kuwa kanuni. Salio lako ni dogo kuliko kiasi unachotuma ni sentensi ndefu zaidi, na inaeleweka katika Kiswahili cha pande zote mbili za Ziwa Tanganyika.

8.0 Pingamizi la usanifu na la nafasi

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba kuzingatia wilaya mbili kutaivunja lugha sanifu: kila mkoa utadai lebo zake, na anayehama kutoka Kasulu kwenda Dar es Salaam atajikuta kwenye kiolesura kigeni. Hoja hii ina nguvu dhidi ya lebo za lahaja, lakini haigusi pendekezo la makala haya. Hifadhi fomu, Ghairi muamala na Ukurasa uliopita ni Kiswahili sanifu kwa msomaji wa popote. Mazingira magumu yanatumika kama kipimo cha uwazi, na lebo inayofaulu Nduta haitashindwa Kariakoo.

Pingamizi la pili ni la nafasi. Ukurasa mmoja wa menyu za nyota na reli hauzidi herufi 182, na ujumbe mfupi mmoja wa kawaida hauzidi 160. Kiswahili, kwa uambishaji wake, kina maneno marefu. Yambwa katika kila mstari ingezijaza menyu hizo mapema. Kwa sababu hiyo pendekezo lina mpaka: yambwa iandikwe pale ambapo kosa lina gharama. Mstari wa kuangalia salio unaweza kubaki Salio. Ukibonyezwa kimakosa hakuna kinachopotea. Hatua ya mwisho ya kutuma fedha haina ruhusa ya ufupi huo. Ndiyo maana desturi ya kumwonesha mtumaji kiasi na jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri ni ya thamani kubwa: kitenzi thibitisha, ambacho peke yake hakisemi kinathibitisha nini, hapo kinapewa yambwa yake.

9.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unatoa vigezo vinne vya kupimia lebo. Kwanza, lebo ikiwa kitenzi cha mkopo kinachofanana na nomino, iongezewe yambwa. Pili, kitenzi kichaguliwe kwa wakati wa tendo: kabla, wakati au baada. Tatu, neno lolote lenye upatanisho lipewe mfasiri likiwa na nomino yake, na sentensi isiungwe kwa vipande. Nne, lebo isomwe kwa sauti kwa mtu asiyeona kioo, naye aeleze kitakachotokea ikibonyezwa.

Vigezo hivi vina matokeo kwa ufundishaji wa tafsiri vyuoni. Mwanafunzi anayepewa orodha ya istilahi za kompyuta ili azipatie visawe anafundishwa nusu ya kazi; nusu ya pili ni kumtaka aoneshe kila kisawe kitakaa kwenye kitufe gani, chini ya swali gani, mbele ya msomaji gani. Vilevile vina matokeo kwa taasisi zinazoagiza mifumo. Mkataba wa kutengeneza mfumo unaweza kumtaka mtengenezaji akabidhi sentensi kamili na picha za kurasa kwa mfasiri, badala ya jedwali la maneno yaliyong'olewa mahali pake. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, na huduma nyingi zaidi za umma zinahamia kwenye vioo vya namna hiyo. Kila huduma inayohama huacha nyuma karani aliyekuwa akilieleza neno, na kazi yake inabaki mikononi mwa lebo.